Mtungi wa Mghange

Mama alishuka kutoka Mghange, juu milimani, na kuku aliyefungwa miguu, mkungu wa ndizi, na mtungi wa manjano uliojaa maji, kifuniko chake kimefungiwa karatasi ya plastiki ili yasimwagike njiani. Kuku na ndizi nilivielewa. Binti akijifungua, mama yake haji mikono mitupu. Lakini maji! Kondakta aliutoza mtungi nauli kama abiria, na mama akalipa bila kubishana, yeye ambaye huweza kubishania bei ya kiberiti mpaka mwenye duka achoke.

"Mama, hata Voi kuna maji," nilimwambia nikiwa kitandani.

"Najua yako," alisema. "Nimesikia mnayanunua."

Mume wangu alikuwa uani. Aliuinua ule mtungi, akausogeza kivulini na kucheka. "Haya hayana mita," alisema. Hakumwambia mama. Aliuambia ukuta, maana mama yangu hakuruhusiwa kusema naye, na sababu yake nitaieleza baada ya kueleza habari ya mita.

Mume wangu ni msoma mita. Huzunguka mitaa ya Voi juani, anainama kwenye visanduku vya chuma vilivyofukiwa mbele ya nyumba za watu, anafuta vumbi kwenye kioo na kusoma namba. Mbwa wote wa mjini wanamjua, na hakuna hata mmoja anayempenda. Watu hawampigii simu waziri wala hawamwandikii gavana. Wanamngoja yeye langoni, bili mkononi. Ukiolewa na msoma mita, unaolewa pia na matusi yake. Nimewahi kuzomewa sokoni nikinunua nyanya, na mwenye nyanya akaongeza bei, eti ni ushuru wa maji aliyomwagilia.

Mwaka ule nilipokuwa mjamzito, bei ilikuwa inapandishwa. Tuliitwa ukumbini kutoa maoni, kama sheria inavyotaka. Nilienda kwa sababu kulikuwa na feni. Afisa alitueleza kwa upole, na sikumwona kama mtu mbaya, kwamba dawa ya kusafisha maji inatoka ng'ambo, pampu zinatoka ng'ambo, hata mita zenyewe zinatoka ng'ambo, na vyote vinalipiwa kwa dola. Mzee mmoja aliyetoka Mbololo akasimama, akavua kofia.

"Kwa hivyo siku hizi mvua pia inanyesha kwa dola?"

Ukumbi mzima ulicheka, na afisa akacheka na sisi. Tulipotoka tuligawiwa chupa za maji. Nilisoma kibandiko cha yangu nikiwa nimesimama juani: maji yenyewe yalikuwa yametiwa chupani Nairobi. Tulikuwa tumekutana kujadili maji ya Taita Taveta kisha tukagawiwa ya watu wengine, na bomba kubwa la chemchemi za Mzima likitupitia hapo hapo kupeleka maji ya kaunti yetu Mombasa, sisi tukionjeshwa tu. Nilicheka peke yangu mpaka mtoto akanipiga teke tumboni. Bei ilipanda hata hivyo.

Nyumbani kwetu, bomba lilipotoa maji tulijaza tangi jeusi lililo kwenye jukwaa la mawe. Lisipotoa, tulinunua kwa boza, lori la maji, au kwa wenye mikokoteni, na hao ndio wanaojua kupanga bei. Mume wangu kila akirudi kazini hugonga tangi kwa vifundo vya vidole, kutoka juu kushuka chini, akisikiliza mlio unabadilika wapi. Kabla hajanisalimu anajua tumetumia kiasi gani. Hakuwahi kunigombeza kwa hilo, hata siku moja. Mimi mwenyewe nilishajifunza. Maji niliyooshea mboga niliyaoshea vyombo, nikayapigia deki, kisha nikamwagia mpapai. Maji ya kwetu yalifanya kazi nne kabla ya kupumzika.

Sasa habari ya ukwe. Kwetu, kwa desturi ya zamani, mwanamume na mama ya mkewe hawasemezani ana kwa ana wala hawatazamani usoni. Vijana wa leo wanapiga picha na mama wakwe wao wamekumbatiana, na sina neno nao. Mama yangu hayumo katika hao. Alikataa kulala ndani, akachukua chumba cha nje kilichokuwa stoo ya jembe na makaa. Mume wangu akifika langoni hukohoa, mama anajifunika leso kichwani mpaka machoni, anatoka kwa mlango wa jikoni. Wakitaka kuambiana jambo, wanapitia kwangu.

"Mwambie baba mtoto chakula kiko tayari," mama anasema kutoka nje ya mlango.

"Mwambie mama nimeshukuru," mume wangu anasema kutoka mezani.

Kati yao pana mlango tu. Mimi nimelala na mshono wangu, nasema, "Amesikia," halafu nageuka upande mwingine na kusema, "Naye amesikia." Nilikuwa simu yao, tena simu isiyolipiwa.

Na katikati ya hayo yote alikuwepo yeye, binti yetu, mtoto wa kwanza, tuliyemngoja mpaka waliokuwa wakituuliza wakachoka kuuliza. Alizaliwa mdogo. Nesi alipomtoa kwenye mizani alinipa tu na kunisisitiza nimnyonyeshe kila anapoamka. Nilimtazama yule mtoto, mikono yake imekunjana, nikaogopa kama sijawahi kuogopa maishani.

Mama aliniogesha, akanikanda, akanipikia uji wa wimbi na kimanga laini, maharagwe na muhogo vilivyopondwa pamoja. Hakuna aliyewahi kunishughulikia vile tangu nilipokuwa mtoto, na sidhani kama atatokea mwingine. Lakini mume wangu akishatoka kwenda kazini, mama alikuwa na kazi nyingine asiyoitangaza. Nilisikia lango likifunguliwa. Nikasikia ndoo. Nikasikia bomba la tangi likitiririka, likisimama, likitiririka tena, na sauti za wanawake wakishukuru.

"Mama, unafanya nini huko nje?"

"Kuna watu wametoka kioski cha maji na ndoo tupu. Wameambiwa maji yamekwisha."

"Mama, hayo maji tumenunua."

Aliingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Nyumba yenye mtoto mchanga haimnyimi mtu maji," alisema. "Utamnyima vipi mtu mwingine ilhali wewe unaomba yasikauke kwako?"

Lazima umfahamu mama alikotoka. Amekulia kando ya mfereji. Kule juu, maji yanatoka kwenye chemchemi, yanafuata mfereji uliochimbwa na watu ambao hakuna anayekumbuka sura zao, na kila shamba lina zamu yake. Zamu yako ikiisha unaziba kwa udongo na majani ya mgomba, maji yanashuka kwa wa chini yako. Hakuna anayeyauza. Kazi ya kuzibua mfereji ndiyo malipo yake. Mama alipofika Voi aliliona tangi letu jeusi, akaona watu wenye ndoo upande wa chini, akajua la kufanya. Kwake yeye zamu yetu ilikuwa imekwisha.

Mtaa ukaanza kunong'ona. Jirani yetu mwenye kibanda cha mahamri, mama wa Kiislamu ambaye familia yake imekaa Voi tangu enzi za kujenga reli ya zamani, alikuja kunipa hongera na mahamri ya moto, akavuta kiti karibu.

"Mwanangu, mimi mamako nimempenda, wallahi. Lakini watu wana midomo. Wanasema kwa msoma mita maji ni ya bure. Wanasema mumeo amejiunganishia bomba lisilopita kwenye mita. Mwambie aichunge kazi yake."

Sikuhitaji kumwambia. Alishaambiwa ofisini, kwa mzaha kwanza, kisha bila mzaha. Alirudi mchana ule mapema kuliko kawaida, akagonga tangi kutoka juu kushuka chini, na mlio haukubadilika popote. Lilikuwa tupu mpaka chini. Nilimwona kupitia dirishani akikitazama chumba cha nje, mdomo umefunguka, kisha akaufunga. Angemwambia nini? Na kwa mdomo upi? Kumgombeza mama mkwe ni jambo ambalo kwetu halina hata neno lake.

"Kuna shida?" nilimuuliza.

"Sina neno," alisema.

Aliagiza boza, akalipa, na kesho yake asubuhi bomba la tangi lilikuwa na kufuli, ufunguo akanipa mimi. Mama aliliona lile kufuli alipokuja na jagi. Alilishika, akaliachilia. Tangu hapo simu yao haikulia tena. Mmoja alikula kimya, mwingine akapika kimya, na mimi nikakaa katikati na ufunguo chini ya mto.

Kisha ndovu wakavunja bomba. Si jambo la ajabu kwetu. Kiangazi kikikolea wanatoka mbugani wakifuata harufu ya maji, wanachimba, wanakanyaga, na mji mzima unaambiwa usubiri. Tulisubiri. Wenye mikokoteni wakapandisha bei asubuhi, wakapandisha tena jioni. Mume wangu akawa anagonga tangi kabla ya kwenda kazini na baada ya kurudi.

Hakuna aliyeniambia nisinywe maji, hilo nataka lieleweke. Mama alichota jagi kutoka pipa la jikoni, akaniwekea kando ya kitanda kila asubuhi na kila mchana. Lakini mke wa msoma mita hata akimeza huona namba zikipanda. Nilipiga funda moja, mama akitoka nikajikokota mpaka jikoni na kuyarudisha mengine kwenye pipa. Nilijiona mwerevu. Nilikuwa naokoa maji ya kumwogeshea mtoto.

Mtoto akaanza kulia. Alinyonya, akaachia, akalia, akashika tena. Usiku na mchana ni hivyo. Nilimbadilisha upande, nikambadilisha mkao, nikamwimbia. Maziwa yalikuwa yakitoka tone, halafu hayatoki. Mashavu yake, ambayo hayakuwahi kujaa, yakaanza kubonyea. Mama alimpakata, akambonyeza utosini kwa kidole taratibu, na uso wa mama mwenyewe ukabadilika: utosi ulikuwa umezama.

Tulikwenda kliniki siku hiyo hiyo. Nesi alimweka kwenye mizani, akatazama kadi, akaitazama mizani tena. Alinipima matiti kwa mikono yake ya baridi.

"Unakunywa maji kiasi gani?"

"Ya kutosha," nikasema.

"Hanywi," mama akasema kutoka nyuma yangu.

Niligeuka. Mama alikuwa ameishika leso yake kwa mikono miwili. "Naona jagi likirudi jikoni. Naona pipa likipanda badala ya kushuka. Nilidhani ataacha."

Nesi hakunigombeza, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Alivuta stuli akakaa mbele yangu. "Mama, hayo maziwa unafikiri yanatoka wapi? Kunywa. Kunywa hata kama huna kiu. Huyu mtoto akija kliniki ijayo bila kuongeza uzito, nitamlaza, na sitaki kumlaza."

Tukarudi nyumbani. Mama alimbeba mtoto, mimi nikabeba mwavuli.

Mume wangu alipokohoa langoni nilimwendea uani na kumweleza yote, tangu jagi mpaka mizani. Aliketi kwenye ngazi ya jikoni na shati lake la kazi. Kisha akaniomba ufunguo, akafungua kufuli, akalitupa ndani ya pipa la taka, kufuli zima pamoja na ufunguo wake. Akachota kikombe, akaniletea. Nikakiweka mdomoni. Sijui nikuambieje: koo lilikataa. Nilikuwa nalia, na kila nikimeza maji yalirudi.

Sauti ya mama ikatoka nyuma ya mlango wa jikoni.

"Mwambie baba mtoto, maji yenye hasira hayashuki kooni."

"Mwambie mama sina hasira," mume wangu akasema.

"Mwambie anayo. Mwambie hata mimi ninayo. Kule kwetu wawili wakikosana, hawaushiki mfereji mpaka waiteme hasira. La sivyo maji hukauka kabla ya kufika shamba la mwisho. Na shamba la mwisho hapa ni huyu mtoto."

Mume wangu ni mtu wa kanisa, anaimba besi kwenye kwaya. Lakini kwao ni Mbololo, na alipokuwa mdogo bibi yake alifanya vivyo hivyo mbele yake. Wazee wetu wanaita kutasa. Unasema kilichokuwa moyoni, unachukua funda la kinywaji, maji ya miwa, pombe, au maji matupu, unalipuliza nje kwa nguvu, na hasira inatoka nalo. Basi. Hakuna hakimu. Nilitegemea akatae. Alinitazama, akamtazama mtoto, akavua kofia.

Mama alienda chumba cha nje, akarudi na ule mtungi wa manjano. Nilikuwa nimeusahau. Alikuwa ameuhifadhi chini ya kitanda chake wakati wote ule wa kiu, hakuugusa ila siku ya kwanza, alipomwoshea mtoto uso. Alimimina kikombe. Akasimama upande wake wa mlango, leso ikiwa machoni.

"Nilikasirika," alisema. "Nililiona kufuli nikasema moyoni, binti yangu ameolewa jela. Sikusema kwa mdomo, nikalala na neno hilo. Litoke. Nyumba hii iwe na amani." Akavuta funda, akalipuliza uani, likatua vumbini na kuacha madoa.

Kikombe kikapitia kwangu, kama kila kitu kilivyopitia kwangu.

Mume wangu alikishika. "Nilikasirika," alisema, na sauti yake ya besi ilikuwa ndogo. "Jina langu limechafuliwa kazini. Nilihesabu maji ya mgeni wangu. Nilimhesabia mama aliyekuja kunilelea mtoto. Litoke. Pawe na amani." Akainua kikombe, akavuta funda dogo, dogo kabisa, la mtu anayejua bei. Hata hapo mazoea yalimshika. Nilimwona akijiandaa kulipuliza kale kamate.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mama alitoka, akaishusha leso kutoka machoni, akamtazama mkwewe usoni. Hakusema, "Mwambie." Alimwambia yeye.

"Jaza mdomo, baba. Hayo hayana mita."

Alikuwa amemsikia tangu siku ya kwanza. Mume wangu alicheka na maji mdomoni, kidogo apaliwe. Kisha akakigeuza kikombe mpaka mashavu yakamvimba, akapuliza, na maji yakatunyeshea sote, mama, mimi na mtoto, ambaye alishtuka, akafumbua macho na kunyamaza. Mama akajipangusa, akarudisha leso yake mahali pake, akarudi nyuma ya mlango. Akamimina jagi kutoka kwenye mtungi, akalipitisha kwangu.

"Mwambie mama mtoto anywe," alisema.

Nikanywa. Yalikuwa na ladha ya majani na ya plastiki ya mtungi, na yalishuka. Mama hakuondoka mpaka jagi likawa tupu, kisha akalijaza tena. Sikulirudisha pipani hata tone.

Kliniki iliyofuata, nesi alimweka mtoto kwenye mizani, akaandika kwenye kadi, akanirudishia mtoto na kuniambia niende nyumbani.

Bei ya maji imepanda tena tangu siku zile, na tumeitwa tena ukumbini, na sitashangaa tukiitwa tena. Mama na mume wangu hawajasemezana tena ana kwa ana. Wamerudi kupitia kwangu, na wakiishiwa na subira wanapitia kwa mtoto, ambaye husahau ujumbe njiani. Lakini mama akishuka kutoka Mghange, mume wangu humlaki stendi akitembea hatua kadhaa nyuma yake, anamlipa kondakta nauli ya mtungi, anaubeba begani mpaka nyumbani. Kabla hajauweka kivulini hunimiminia glasi ya kwanza. Kisha husimama mbele yangu mpaka niimalize.